Rangi, imani na mwili: jinsi wanachuo Weusi wa Marekani wanavyojitambua na wanavyouona ujinsia

Tunaandika habari hii kwa ajili ya makanisa yetu ya mashariki kwa sababu moja iliyo wazi: watoto wetu wako huko. Kwa miaka mingi sasa, makumi ya maelfu ya Wakongomani waliokuwa katika kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda wamepokelewa Marekani. Katika mwaka wa serikali wa 2016, Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko, zaidi ya 16,000. Wengi walifika wakiwa watoto. Leo wamekua, wanasoma katika vyuo vya Kentucky, Texas, Ohio na majimbo mengine, na wanapopiga simu nyumbani wanasema mambo ambayo wazazi hawakuyazoea, juu ya kuwa Mweusi na juu ya mwili, uchumba na ndoa.

Mzazi anaposikia maneno hayo, mara nyingi hujibu haraka kwamba hayo ni mambo ya wazungu, na mazungumzo yanaishia hapo. Jibu hilo halisaidii, na tena si kweli. Mawazo ya vijana Weusi wa Marekani juu ya rangi na juu ya ujinsia yana historia yake, na kwa sehemu kubwa historia hiyo ilipitia kanisani. Tunaieleza hapa kwa utaratibu, ili mzee wa kanisa, mama wa ushirika na kiongozi wa vijana wajue wanaongea juu ya nini kabla ya kutoa shauri.

Maneno ya kuelewa kwanza

Utambulisho wa rangi na kabila ni jinsi mtu anavyojihesabu kuwa mmoja wa watu fulani, heshima anayowapa watu hao, na nguvu anayopata kwao katika maisha yake. Si rangi ya ngozi yenyewe. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na ngozi moja, lakini mmoja akajivunia ukoo wake na mwingine akauficha.

Ujinsia ni neno pana kuliko tendo la ndoa. Linagusa jinsi mtu anavyouona mwili wake, mapenzi, uchumba, ndoa, uzazi, magonjwa ya zinaa, na pia jinsi anavyowatazama watu wanaopenda wa jinsia yao.

Mtazamo ni kile ambacho mtu anaamini kuwa ni sawa au si sawa. Sisi wa kanisa tunajua vizuri kwamba mtu anaweza kuamini jambo moja na kutenda lingine. Kwa hiyo wachunguzi huuliza juu ya imani na juu ya matendo kwa maswali tofauti.

Weusi, tunavyolitumia neno hili hapa, ni watu wa asili ya Afrika wanaoishi Marekani: wazao wa watumwa, pamoja na wahamiaji waliotoka visiwa vya Karibi na Afrika. Kufikia 2019, mtu 1 kati ya 10 miongoni mwao alikuwa mhamiaji, na sehemu ya waliozaliwa Afrika ilikuwa inaongezeka.

Vyuo vilivyozaliwa ndani ya makanisa

Katika majimbo mengi ya kusini, kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la sheria. Vyuo vya kwanza vya Weusi vilianzia kaskazini: Cheyney mwaka 1837, Lincoln mwaka 1854, na Wilberforce mwaka 1856, chuo ambacho baadaye kilinunuliwa na Kanisa la Methodisti la Kiafrika. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha mwaka 1865, vyuo vingine vilifuata kwa haraka: Fisk mwaka 1866, Howard na Morehouse mwaka 1867, Hampton mwaka 1868, Spelman mwaka 1881. Morehouse, chuo cha wanaume, na Spelman, chuo cha wanawake, vyote viwili vilianza katika chumba cha chini cha kanisa la Kibatisti. Wamisionari, wachungaji Weusi na waliokuwa watumwa jana yake ndio walioleta viti na vitabu.

Leo vyuo hivyo vya kihistoria ni karibu 100. Hata hivyo vinapokea karibu mwanafunzi 1 tu kati ya 10 wa wanachuo wote Weusi. Wengine wanasoma mahali ambapo wengi ni wazungu. Tofauti hiyo ni ya maana. Katika chuo cha Weusi, rangi si swali la kila siku, na kijana anapata nafasi ya kujiuliza mambo mengine: mimi ni Mkristo wa namna gani, ni mwanamume au mwanamke wa namna gani, nitaoa au nitaolewa na nani. Katika chuo cha wazungu, kijana huyo anaweza kuwa Mweusi pekee darasani, na kila anachosema juu ya mapenzi au familia husikilizwa kana kwamba anawasemea Weusi wote.

Wataalamu walivyoeleza utambulisho

Uchunguzi huu ulianza na watoto. Kenneth Clark na mke wake Mamie Clark, waliokutana wakiwa wanafunzi wa Howard, waliwapa watoto Weusi wadogo wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi wa watoto hao walimchagua mwanasesere mweupe na kusema kwamba ndiye mzuri. Ushuhuda huo ulitumiwa katika kesi ambayo mwaka 1954 ilifanya Mahakama Kuu ya Marekani itamke kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Hakuna aliyekuwa amewaketisha watoto hao na kuwafundisha kujidharau. Waliyaokota waliyoyaona mitaani, madukani na shuleni.

Mwaka 1971 William Cross alieleza safari ya mtu Mweusi kwa hatua. Kwanza, mtu anaishi bila kuijali rangi yake, au akiidharau. Halafu linatokea jambo linalomgutusha: tusi, ubaguzi, au kitabu kilichomfungua macho. Kisha anazama kabisa katika mambo ya Weusi na kukataa kila kilicho cha wazungu. Mwishoni anatulia. Anajua yeye ni nani, na hahitaji kumchukia mtu mwingine ili ajipende. Cross mwenyewe alirekebisha maelezo haya miaka ya baadaye, lakini picha ya safari imebaki.

Jean Phinney, katika kipimo chake cha mwaka 1992, alitazama mambo mawili makubwa: je, kijana ametafuta kujua habari za watu wake, na je, ameamua kushikamana nao? Robert Sellers na wenzake, mwaka 1998, waliongeza maswali mengine. Rangi ina nafasi gani katikati ya maisha ya mtu? Yeye binafsi anawaonaje Weusi? Anadhani watu wengine wanawaonaje? Na anafikiri Weusi wanapaswa kuishi vipi katika nchi ile? Kwa maswali haya tunaelewa kwamba wanachuo wawili wanaweza kujiita Weusi kwa sauti moja na wakawa na maana mbili tofauti.

Historia ya mwili uliouzwa na kusingiziwa

Huwezi kuelewa anachofikiri kijana Mweusi juu ya ujinsia bila kujua mwili wa babu zake ulitendewa nini. Mwaka 1662, koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Kwa hiyo bwana aliyezaa na mtumwa wake alipata mtumwa mwingine, naye hakuhesabiwa kuwa baba. Baada ya kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kukatazwa mwaka 1808, tumbo la mwanamke mtumwa likawa mali ya kuongeza mali. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria. Mume aliweza kuuzwa Mississippi na mke akabaki Virginia. Utumwa ulipokwisha, wengi walikwenda wenyewe kuandikisha ndoa zao, wakiwemo wazee waliokuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi. Watu hao waliijua thamani ya ndoa kuliko wengi waliowahubiria.

Ili kufunika dhambi hiyo, waliotenda walitunga masingizio. Mwanamke Mweusi aliitwa mwenye tamaa isiyoshiba, akapewa jina la malkia Yezebeli wa Biblia, ili atakayembaka asionekane kuwa na kosa. Mwanamume Mweusi aliitwa mnyama anayewinda wanawake weupe, na kwa shtaka hilo wengi waliuawa na makundi ya watu bila hukumu ya mahakama. Mwaka 1892, Ida B. Wells, mwandishi wa gazeti wa mji wa Memphis, alichunguza mauaji hayo na kuonyesha kwamba mara nyingi shtaka la ubakaji lilikuwa uongo. Ofisi ya gazeti lake ikaharibiwa, naye hakuweza kurudi mjini humo. Mwaka 1955 huko Mississippi, Emmett Till, mvulana wa miaka 14, aliuawa kwa madai kwamba alimkosea adabu mwanamke mweupe dukani.

Hata hospitali haikuwa kimbilio. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi 600 huko Tuskegee, jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, wala hawakupewa penisilini hata ilipokuwa dawa ya kawaida. Rais wa Marekani aliomba msamaha kwa jina la taifa mwaka 1997. Wazee wanapowaambia wajukuu wao kwamba daktari anayeuliza mambo ya ndani si wa kuaminiwa haraka, hawasemi hivyo kwa ujinga.

Kanisa: heshima, na ukimya uliokuja nayo

Mbele ya masingizio hayo kanisa la Weusi lilijibu kwa heshima. Mwanahistoria Evelyn Brooks Higginbotham, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alionyesha jinsi wanawake wa Kibatisti, tangu 1880 hadi 1920, walivyofundisha usafi, mavazi ya staha, kiasi na uaminifu wa ndoa. Kwao hayo yalikuwa pia silaha: walitaka kumwonyesha mzungu kwamba anachosema juu yao ni uongo. Mafundisho hayo yaliwapa binti wa wafua nguo na wapishi kichwa cha kuinua.

Lakini yalikuwa na gharama. Kwanza, mzigo ulilala zaidi juu ya wasichana. Kosa la msichana lilihesabiwa kuwa aibu ya watu wote, wakati la kaka yake lilisemwa kwa kucheka. Pili, kwa kuogopa kuwapa maadui neno la kusema, watu walinyamaza hata mbele ya uovu uliotendeka ndani ya nyumba. Kelly Brown Douglas, kasisi na mwalimu wa theolojia, aliandika mwaka 1999 kwamba ukimya wa kanisa la Weusi juu ya ujinsia ni kidonda cha yale waliyosingiziwa. Mtu aliyetukanwa kwa ajili ya mwili wake hujifunza kutouzungumza kabisa.

Ukimya huo uliwagusa hata mashujaa. Bayard Rustin, aliyesoma Wilberforce na Cheyney, ndiye aliyepanga maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963 ambako Martin Luther King alihutubia. Alijulikana kuwa mtu anayependa wanaume. Kwa sababu hiyo, mwaka 1960 alisukumwa pembeni na viongozi wenzake Weusi walioogopa kashfa. Walimhitaji tena miaka mitatu baadaye, naye akaja akafanya kazi.

Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, ukimya ukawa hatari ya kufa. Mwaka 1989 huko Harlem, Pernessa Seele alianzisha juma la maombi kwa ajili ya UKIMWI, akayaalika makanisa, misikiti na wengine kuombea wagonjwa na kufundisha watu. Kazi hiyo ilikua na kuenea. Haja yake haijakwisha: Weusi ni karibu 12% ya wakaaji wa Marekani, lakini mwaka 2021 walikuwa karibu 40% ya watu waliogunduliwa upya kuwa na virusi.

Uchunguzi umeonyesha nini

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni hili: je, Weusi wana mtazamo tofauti na wazungu juu ya mapenzi ya jinsia moja, na kama ndivyo, ni kwa sababu ya rangi?

Mwaka 2003 Gregory Lewis alikusanya matokeo ya kura za maoni 31 zilizofanywa tangu 1973, zenye majibu ya Weusi karibu 7,000 na wazungu zaidi ya 40,000. Aliona mambo mawili ambayo wengi hawakutegemea kuyakuta pamoja. Weusi walikuwa wepesi zaidi kuliko wazungu kusema kwamba mapenzi ya jinsia moja ni makosa. Lakini walikuwa pia wepesi zaidi kuunga mkono sheria za kuzuia mtu asifukuzwe kazi kwa sababu hiyo. Sisi tunaona hapo alama ya historia yao. Watu walionyimwa kazi na nyumba kwa ajili ya jinsi walivyozaliwa wanajua ubaguzi unavyouma, na hawataki kuutumia juu ya mwingine, hata kama hawakubaliani naye.

Mwaka 2005 Charles Negy na Russell Eisenman waliwauliza wanachuo wenyewe, Weusi na wazungu. Mwanzoni Weusi walionekana kuwa na mtazamo mkali kidogo zaidi. Wachunguzi hao walipolinganisha wanafunzi wanaohudhuria ibada kwa kiasi kimoja, wenye kujitoa kwa dini kwa kiasi kimoja, na wa hali moja ya maisha, tofauti ya rangi ilitoweka. Kwa maneno mengine, kilichoonekana kama rangi kilikuwa kanisa. Jambo kama hilo lilionekana California baada ya kura ya mwaka 2008 juu ya ndoa za jinsia moja. Siku ile ilisemwa kwamba 70% ya Weusi walizikataa. Uchambuzi uliofuata ulikadiria karibu 58%, na ulionyesha kwamba kuhudhuria ibada kulieleza sehemu kubwa ya tofauti kati yao na wengine.

Swali la pili: je, kujipenda kuwa Mweusi kunamfanya kijana auchunge mwili wake? Hapa majibu yanatia moyo. Faye Belgrave na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2000 juu ya wasichana Weusi wa mjini, waliona kwamba wenye utambulisho imara wa watu wao walikuwa na mitazamo isiyo ya hatari juu ya ngono. Mwaka 2004 Ralph DiClemente, Gina Wingood na wenzao walitoa matokeo ya mafundisho waliyowapa wasichana Weusi wa Alabama wenye miaka 14 hadi 18. Wote waliohusika katika uchunguzi huo walikuwa 522. Waliopewa mafundisho hawakuanza na magonjwa. Walianza na fahari ya kuwa Mweusi na kuwa mwanamke, wakaendelea na namna ya kusema hapana, namna ya kuongea na mwenzi, na namna ya kujikinga. Hao walijikinga zaidi kuliko wenzao waliopewa mafundisho mengine.

Tuwe waangalifu na matokeo haya. Hayasemi kwamba fahari ya rangi peke yake humlinda mtu. Kijana anaweza kujivunia Weusi wake na bado akaamini kwamba uanaume ni kuhesabu wasichana, ikiwa hivyo ndivyo wenzake wanavyoueleza Weusi. Kinacholinda ni kile alichofundishwa kwamba watu wake ni nani.

Mambo yaliyotokea vyuoni

Mwaka 2004 mwanamuziki Nelly alitegemewa kufika Spelman kutafuta watu wa kujitolea uboho, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya damu kama dada yake. Wanafunzi walikuwa wameona video ya wimbo wake mmoja iliyowadhalilisha wanawake Weusi, wakataka kwanza aje ajibu. Ziara ikavunjika. Wengine waliwalaumu wasichana hao kwamba wanamshambulia ndugu Mweusi mbele ya watu. Wao walijibu kwa msimamo kwamba kuwapenda Weusi si kunyamaza Weusi wanapowatweza wanawake Weusi. Hapo rangi na ujinsia vilikutana uso kwa uso, na wasichana wa chuo kilichozaliwa kanisani walikataa kulazimishwa kuchagua kimoja.

Mwaka 2009 Morehouse ilitoa kanuni za mavazi zilizokataza suruali zinazoning'inia na pia wanaume kuvaa nguo za kike. Wapo waliosema chuo kinalinda heshima ya mwanamume Mweusi. Wapo waliouliza ni nani aliyepewa kibali cha kuamua mwanamume Mweusi afananeje. Baadaye vyuo hivyo viwili vilibadili pia sheria za kupokea wanafunzi. Mwaka 2017 Spelman ilitangaza kwamba itapokea wanaojitambua na kuishi kama wanawake, hata kama walizaliwa wakihesabiwa kuwa wanaume. Mwaka 2019 Morehouse ilitangaza jambo linalofanana kwa upande wa wanaume. Wazazi, wachungaji na wahitimu wa zamani wamegawanyika juu ya mabadiliko haya mpaka leo. Tunayaeleza kwa sababu mtoto wetu anayesoma huko atayakuta mlangoni, na ni afadhali mzazi ayasikie mapema.

Mtoto wa Kongo anapogeuka kuwa Mweusi

Nyumbani, kijana ni Mubembe, Mufuliiru, Mushi, Munande au Munyamulenge. Hakuna anayeamka asubuhi akijiita Mweusi. Anapofika Marekani, karatasi ya shule ina kisanduku kimoja cha kutia alama: Mweusi. Askari wa barabarani hamwulizi kabila. Wenzake wa darasani wanaweza kumcheka kwa lafuzi yake, na baadhi ya wazazi wake wa kanisani wanaweza kumwonya asifanane na Weusi wa pale, kana kwamba wale ni watu wa maisha mabaya. Maneno hayo ya wazazi, tuseme wazi, ni yale yale masingizio ya zamani. Yalitungwa na wauza watumwa, nasi tumeyapokea bila kuuliza.

Kwa hiyo kijana anabeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: kabila la wazazi, rangi aliyopewa na nchi mpya, na ujana wa mwili wake. Kanisa la Wakongomani huko, linaloimba kwa Kiswahili kila Jumapili, mara nyingi linamsaidia na mzigo wa kwanza tu. Juu ya rangi anafundishwa na mtaa. Juu ya mwili anafundishwa na simu. Akiuliza shuleni anapata jibu moja, akiuliza nyumbani anapata ukimya au hasira. Wengine huamua kuwa na maisha mawili, moja la ibada na moja la chuoni. Wengine huacha ibada.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tumeona katika uchunguzi wa mwaka 2005 kwamba kanisa lina nguvu kweli katika mitazamo ya wanachuo, kuliko rangi yenyewe. Nguvu hiyo haipotei kanisa linaponyamaza. Inaendelea kufanya kazi, lakini kwa aibu na hofu. Kijana aliyebakwa hatasema. Aliyeambukizwa hatapimwa. Anayejisikia tofauti na wenzake ataondoka bila kuaga, na mama yake ataambiwa tu kwamba namba ya simu imebadilika.

Yale ambayo makanisa yetu yanaweza kuyafanya

Hatuombi kanisa libadili mafundisho yake juu ya ndoa ndipo liweze kuongea na vijana. Wanawake wa Kibatisti wa zamani walifundisha usafi kwa nguvu zote, na mafundisho yao yalijenga watu, kwa sababu yalianza kwa kumwambia binti kwamba ana thamani ambayo hakuna bwana aliyeweza kuiuza. Tunapendekeza mambo haya machache.

Mzazi aliye Bukavu, Uvira, Goma au Beni asimkataze mtoto wake kujiita Mweusi. Amwulize maana yake, asikilize mpaka mwisho, halafu amsimulie habari za ukoo wake mwenyewe. Vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Kiongozi wa vijana afundishe historia ya Weusi wa Marekani pamoja na habari za mwili, kwa sababu kule zimefungamana. Awafundishe wavulana kwa uzito ule ule anaowafundisha wasichana.

Mchungaji asitumie mimbarani majina ya dharau kwa mtu yeyote. Weusi wa Marekani waliotoa maoni yao katika zile kura 31 waliweza kusema jambo fulani ni makosa na papo hapo wakakataa mtu aonewe kwa ajili yake. Kama wao waliweza, sisi tulioonja uchungu wa kudharauliwa kwa kabila tunaweza pia.

Na kila ushirika uchague mama mmoja na baba mmoja, watu wenye siri na subira, ambao kijana anaweza kuwapigia simu akiwa mbali bila kuogopa kwamba habari zake zitafika kwenye ibada ya Jumapili kabla hajakata simu.